Barabara Iliyonyamaza: Miaka Yangu ya Kubeba Meno Toronto

Nawaandikia nyinyi wa kijiwe cha bodaboda pale stendi ya Same, na hasa wewe Kanaeli, mtoto wa dada yangu, unayeondoka mwezi ujao kwenda kusoma Toronto. Nataka kitu kimoja tu kutoka kwako: usipande pikipiki kule wakati wa baridi. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nimekwisha kukuambia hivyo, tena mbele ya mama yako, na jibu lako likawa kuniuliza glavu za aina gani zinafaa. Kwa hiyo naandika kirefu. Sina matumaini makubwa kwamba itasaidia.

Mimi si mtu wa kuokota maneno njiani. Nina stashahada ya ufundi wa magari, nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Hakunisomesha mjomba wala mbunge. Nilijisomesha kwa kuziba pancha. Nyumba ile ya vigae vyekundu mnayoitumia kuelekezea abiria, "ukifika kwa Mtoronto kata kulia," niliijenga kwa pikipiki. Katika jiji ambalo kila mwenye akili zake huifunika pikipiki turubai Novemba na kuifunua Aprili, mimi niliendesha baridi baada ya baridi, na nilianguka mara moja tu. Wazungu waliozaliwa ndani ya theluji walikuwa wakishusha vioo kwenye taa za barabarani ili wanipige picha. Haya nayasema mjue kwamba anayewakataza si mwoga. Mwoga hamwezi kumsikiliza, hilo nalijua. Shida ni kwamba na shujaa pia hamumsikilizi. Mnamwiga.

Kazi yangu ilikuwa kubeba meno. Chekeni kwanza mmalize.

Bwana Rajabali, Mhindi mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, alikuwa na karakana ya meno ya bandia. Madaktari wa meno wa mji mzima walimletea vipimo vya vinywa vya watu, mafundi wake wakachonga, na mtu akahitajika kuyapeleka: Mississauga asubuhi, Richmond Hill mchana, katikati ya mji jioni. Alikuwa na madereva wa magari, lakini magari yalikwama kwenye foleni, na kule kliniki mgonjwa ameshaketi kitini, kinywa wazi.

"Pikipiki waiweza?" aliniuliza siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha kwao ambacho kilinifanya nitake kulia, maana nilikuwa sijasikia salamu ya nyumbani tangu nitue.

"Bwana, mimi nina stashahada ya..."

"Stashahada itakupitisha baina ya malori?"

"Itanipitisha."

"Basi chukua meno ya huyu bibi. Ukichelewa, atakunywa uji mpaka Jumatatu."

Sikuchelewa. Kiangazi kile chote sikuchelewa hata siku moja, na jina langu likajulikana katika kliniki za watu ambao hawakuweza kulitamka. Baridi ilipokaribia, Bwana Rajabali alinipa ufunguo wa gari. Nikaurudisha. Gari la kampuni kila mtu anaendesha.

Sasa nisikilizeni. Nyinyi mkisikia baridi ya Toronto mnafikiria theluji. Theluji si adui. Theluji ni mweupe, mkubwa, unamwona anakuja. Siku ya theluji unaacha pikipiki nyumbani, unapanda basi na treni ya chini ya ardhi huku sanduku la meno liko mapajani kama mtoto. Adui ni siku nzuri: jua kali, anga la buluu, barabara nyeusi inayoonekana kavu au imelowa kidogo tu. Usiku jalidi imetua juu yake, barafu nyembamba kuliko ganda la yai, na haina rangi. Siku hiyo ndiyo unayojisemea, leo panafaa.

Mimi baridi hiyo niliianza kwa ujinga, na ni ujinga ambao mtu wa kwetu peke yake ndiye angeufanya. Asubuhi moja nilikuta magurudumu yameganda chini, pale kwenye maegesho ya ghorofa tulilokuwa tukikaa, karibu na makutano ya Jane na Finch. Nikapanda juu, nikachemsha maji, nikashuka na birika. Kwetu kitu kilichoshikana unakimwagia maji ya moto, au siyo? Nikamwaga. Barafu ikaachia, mvuke ukapanda, nikafurahi. Nikarudia na birika la pili, nikamwagia na kiti.

Kwenye gari la jirani alikuwa amekaa mzee mmoja akipasha injini. Akashusha kioo.

"Mama Bikira Maria! Weye uko unapikia barafu chai?"

"Naiyeyusha, mzee wangu."

"Unayeyusha? Uko unaongeza! Angalia nyuma yako."

Nikageuka kuangalia, na kule kugeuka ndiko kulikoniangusha. Maji yangu yote yalikuwa yamekwisha kuwa kioo. Hiyo siihesabu, kwa sababu injini ilikuwa imezimwa.

Yule ndiye Papa Bahati, Mkongo wa Bukavu, fundi wa mataili katika gereji ya jirani. Naye zamani alibeba barua za mawakili kwa pikipiki katika Toronto hiyo hiyo. Aliniinua, akanikung'uta, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, aliinama akapapasa tairi zangu kwa kiganja. Kisha akasema, "Jumamosi utakuja na miye. Pikipiki iache."

Jumamosi akaniweka kwenye gari lake, akafuata nyuma ya basi, akashusha vioo vyote. Hewa ile ilikuwa inakata masikio.

"Sikiliza," akasema.

"Nisikilize nini?"

"Mataili."

Nikasikiliza. Tairi za basi zilikuwa zinachuruza juu ya unyevu, *shhhh*, na nyuma yake maji yanaruka kama vumbi. Tukafika kwenye daraja linalopita juu ya reli. Ghafla ile sauti ikakatika. Barabara ilikuwa bado inang'aa vilevile, imelowa vilevile, lakini tairi za basi hazikutema hata tone.

"Umeona? Inang'aa sawa maji, lakini haitupe maji. Ile ni *verglas*, barafu yenye haionekane. Barabara inakuwa inaongea, ndugu yangu. Siku inanyamaza, na weye unyamaze. Usiguse freni. Usiguse gazi, ile ya mafuta. Usikate kona. Kamata klachi, elea, mpaka ianze kuongea tena."

"Kwa hiyo nikifanya hivyo sianguki."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto saa ya kufa kwake.

"Sikusema ivo. Niko nakufundisha kuchelewa kuanguka. Kutoanguka kabisa, ile ni ya Mungu."

Wakati ule niliona ni maneno ya kanisani. Papa Bahati alikuwa shemasi, na mashemasi huongea hivyo.

Mengine aliyonifundisha nitayataja, maana najua mtayatafuta hata nisipoyaandika, na ni afadhali myapate yakiwa sahihi. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu baridi inayashika juu na chini. Kivuli cha ghorofa refu kinaweza kuhifadhi barafu mpaka saa nane mchana wakati pembeni watu wanaota jua. Reli za tramu, vifuniko vya chuma, mistari myeupe ya kuvukia watu: vyote hivyo uvipite ukiwa umenyooka kama mshumaa. Kwenye taa usisimame pale magari yanaposimama, kwa sababu moto wa injini zao huyeyusha na baridi hugandisha tena kutwa nzima, mpaka pamesuguliwa kama sakafu ya benki. Simama kando, penye changarawe na chumvi. Na chumvi yenyewe msiiamini sana. Lori la chumvi likipita mnaona usalama, lakini baridi ikizidi kiasi fulani chumvi inalala tu pale barabarani kama wali uliomwagika. Halafu inakula cheni yako. Osha kwa maji vuguvugu kila ukirudi, kausha, paka oili. Kifuani weka gazeti chini ya jaketi. Hakuna sweta linalolishinda. Kioo cha helmeti kikiota ukungu, pumua kwa kushusha pumzi kidevuni. Vidole vikiuma, shukuru. Vikiacha kuuma, simama hapo hapo, kwa sababu mkono wenye ganzi hauvuti klachi, na klachi ndiyo maisha yako.

Naona Kanaeli unachukua kalamu. Husemwa sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yenu ni mabaya zaidi: yanasikia dawa tu, ugonjwa hayausikii.

Kwenye kuelea, niseme ukweli, nilimzidi hata Papa Bahati. Nyinyi mnajua kwa nini. Sisi tuliokulia kwenye milima hii tumeshuka mara ngapi kutoka Vudee tumeweka nyutro, injini kimya, ili kuokoa mafuta? Trafiki alikuwa anatukamata kwa hilo. Kumbe lile kosa ndilo somo lenyewe: kukaa juu ya chombo kisichovutwa na kisichozuiwa, mwili umelegea, mikono miepesi, macho mbali. Mzungu hawezi kukaa hivyo. Akihisi tairi imelegea anakaza kila kitu alichonacho mpaka meno. Lakini mlima wetu umetufundisha na kinyume chake. Kwenye tope la masika mnafanyaje? Mnashusha miguu na kukamua mafuta, maana tope halitaki mwoga. Ukikamua mafuta kwenye barafu, gurudumu la nyuma linakupita na kukutangulia kule uendako. Katika kila mwendesha bodaboda wa Same kuna tabia mbili zimelala pamoja. Moja itamwokoa na moja itamuua, na hujui ni ipi itakayoamka kwanza.

Niliposema nilianguka mara moja, ilikuwa Richmond Hill, mbele ya mlango wa kliniki, safari imekwisha. Nilikuwa nimevuka madaraja yote salama. Pale getini palikuwa na mteremko mdogo na mhudumu wa mapokezi amesimama dirishani, nami nikaona niingie kwa mbwembwe. Pikipiki ikaenda huku, mimi kule, na sanduku la meno likapasuka katikati. Meno meupe kwenye theluji nyeupe. Nikapiga magoti kuyatafuta kwa vidole. Bibi mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake akasimama, akaniuliza kwa huruma nimepoteza nini.

"Meno," nikamwambia.

Akainama, akanichungulia kinywani, akasema, "Lakini naona unayo."

Niliyapata yote isipokuwa moja, jino la mbele. Niliporudi karakana, Bwana Rajabali alinihesabu mimi kwanza: mikono, miguu, shingo. Ndipo akafungua sanduku.

"Moja li wapi?"

"Limebaki Richmond Hill, Bwana."

"Na huyu mama Jumamosi anamwoza binti yake! Kwenye picha atacheka vipi, atafumba mdomo kama aliyefiwa?" Akavaa miwani yake, akaketi kulichonga upya, na huku anachonga akawa anaguna, "Mpare mwenye stashahada. Mpare mwenye stashahada." Mimi nikaenda kuosha cheni ya pikipiki.

Hizo ndizo hadithi mnazozipenda. Mnaniomba nizirudie, mnapigana mabega kwa kicheko. Sasa nafika kwenye ile ambayo nikiianza mnatazama chini, kisha mnauliza maswali yasiyo yake.

Mnamjua Reme, kaka yake Kanaeli. Mnamwona kwenye kiti chake cha magurudumu hapa barazani kwangu, ananyoa ndevu mbele ya kioo cha pikipiki. Wakubwa wenu wanamkumbuka kabla ya hapo. Hapakuwa na kijana wa kijiwe hiki aliyepanda Vudee wakati wa masika kama yeye. Alikuja Toronto kusoma chuo, akafikia kwangu, na wakati goti langu lilipoanza kukataa baridi nikamwambia Bwana Rajabali kwamba ninaye mtu. Dada yangu Namsifu alinipigia simu.

"Kaka, pikipiki hiyo ya barafuni unampa mwanangu?"

"Nampa kazi, dada. Na nitamfundisha mimi mwenyewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine yupo?"

Na kweli hakuwepo mwingine. Nilimfundisha Novemba nzima, asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, kwenye maegesho mapana yaliyokuwa na jalidi. Siku za mwanzo tope la Vudee lilikuwa bado limo mwilini mwake. Gurudumu likiteleza tu, miguu chini, mafuta juu, chali. Aliinuka anacheka.

"Mjomba, hii ardhi haina shukrani!"

"Acha mafuta. Weka nyutro ya kwenu. Unashuka kutoka Vudee, petroli imekwisha, trafiki hayupo."

"Trafiki hayupo?"

"Hayupo."

Basi akavuta klachi, akalegeza mabega, akaelea kutoka upande mmoja wa maegesho hadi wa pili kama jani juu ya maji. Papa Bahati alikuwa amesimama nami. Hakupiga makofi. Alisema tu, "Huyu ataweza," na sauti yake haikuwa ya furaha. Nilimwona mzee mwenye kijicho.

Reme aliendesha vizuri. Alikuwa bora kuliko mimi, na mnajua sisemi hivyo kwa wepesi. Hakuvunja jino. Theluji ikianguka alipanda basi, kama nilivyomwagiza. Alisikiliza barabara. Kama kuna anayefikiri yaliyompata yalimpata kwa utoto au kwa kiburi, aje nimweleze ana kwa ana.

Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kustaafu, masanduku yangu yamefungwa, na Bwana Rajabali alikuwa ananipeleka kula chakula cha kuniaga kwa jamaa zake Mississauga. Reme alikuwa na meno ya kliniki ya huko huko, kwa hiyo alitangulia na pikipiki, sisi nyuma na gari. Ilikuwa mchana. Jua zuri sana. Kati yetu na yeye palikuwa na gari dogo jekundu.

"Hebu mtazame," Bwana Rajabali akasema. "Anakaa kama wewe. Hata shingo ni yako."

"Shingo ni yake. Mkao ndio wangu."

Tukaikaribia barabara inayopita juu ya bonde, daraja refu lenye ukingo wa theluji iliyosukumwa pembeni. Theluji ile ilikuwa imeyeyuka kidogo juani, maji yakatambaa barabarani, na kivuli cha ukingo kikayagandisha. Mbele ya Reme kulikuwa na lori. Nikaziona tairi za lori zinaacha kutema maji. Kisha nikaona kwamba na yeye ameona. Mabega yalishuka. Vidole vya mkono wa kushoto vikafunga klachi, taratibu. Mguu wa kulia haukwenda kwenye breki. Pikipiki ikaelea. Ilitikisika mara moja nyuma, akaiacha itikisike, hakushindana nayo, ikatulia. Nilipiga kelele ndani ya gari.

"Unaona, Bwana! Unaona! Hiyo ndiyo kazi!"

Mwendo ulikuwa unapungua wenyewe. Akafika penye chumvi, kandokando, akashusha miguu yote miwili juu ya lami kavu. Alikuwa amevuka. Alikuwa amesimama. Alinyanyua kidole gumba bila kugeuka, kwa sababu alijua niko nyuma namtazama.

Ndipo gari jekundu likamfikia. Dereva alikanyaga breki pale pale kwenye barafu, kama anavyofanya kila mtu duniani, na gari likageuka ubavu, likaenda kimya kabisa. Hakukuwa na mlio wa tairi. Nalikumbuka hilo kuliko vyote: hakukuwa na sauti, mpaka chuma kilipokutana na chuma.

Dereva alikuwa msichana wa umri wenu. Alikaa chini barabarani analia, anarudia jambo moja: taa haikuwaka. Sikuona taa. Taa haikuwaka.

Na mimi, nikiwa nimepiga magoti nimeshika helmeti ya mpwa wangu, nilielewa papo hapo. Stashahada yangu ilinielewesha. Taa nyekundu ya nyuma huwashwa na breki. Asiyegusa breki hawashi taa. Reme alipunguza mwendo kwa namna pekee ambayo barafu inaruhusu, na kwa namna hiyo hiyo hakumwambia aliye nyuma yake kwamba anapunguza. Aliyekuwa nyuma aliona pikipiki iko mbele, inakwenda, kisha ikawa karibu mno. Angegusa breki, angeanguka. Hakugusa, akagongwa. Hapakuwa na njia ya tatu. Nimeitafuta miezi na miezi. Papa Bahati hakuwahi kunitajia taa. Huenda hakuijua, huenda ndiyo aliyoiita ya Mungu.

Hospitali walimkata mguu wa kushoto juu ya goti, nyonga wakaiunga kwa vyuma. Alipoamka, Bwana Rajabali na mimi tulikuwa pande mbili za kitanda. Bwana Rajabali alikuwa anasoma dua zake. Reme alinitafuta kwa macho, akanipata, akajitahidi kuondoa kimpira cha hewa mdomoni ili aseme.

"Mjomba."

"Nipo, baba."

"Sikuanguka."

"Nimeona."

"Umeona, eeh? Sikuanguka."

Bwana Rajabali akafunga kitabu chake, akatoka nje. Nilimsikia kwenye korido anaguna lile guno lake la zamani, lakini safari hii hapakuwa na maneno.

Tukarudi wote wawili, yeye kwenye kiti, mimi nasukuma. Uwanja wa ndege dada yangu hakunilaumu. Alimkumbatia mwanawe, kisha akanikumbatia na mimi, akasema, "Kaka, pole na safari." Afadhali angenipiga kofi.

Ndiyo hadithi yenyewe, vijana wangu. Mafunzo yangu yote sasa mnayo. Bora kuliko sisi hakuna: fundi wa mataili aliyenifundisha, mimi niliyemfundisha Reme, na Reme ambaye hakukosea hata kidole kimoja. Kama ujuzi ungekuwa unatosha, asingekuwa anakaa hapa anawangoja mpite mumsukume hadi sokoni. Nilifikiri nikiwaeleza hivyo mtaogopa. Siku ile nilipowasimulia barazani mlikaa kimya mpaka mwisho, na mimi nikajua nimewafikia. Kisha wewe Kanaeli ukasema, "Kwa hiyo shida ilikuwa taa tu."

Taa tu.

Nimekuwa naandika haya tangu asubuhi, na kalamu imesimama mara nyingi kwa ajili ya kelele za nje. Sasa nimesogea dirishani kuona. Kanaeli amemwaga maji ya sabuni kwenye kile kimteremko cha saruji kinachoingilia getini kwangu. Yuko juu ya pikipiki yake, helmeti kichwani, na kutoka kwenye hendeli hadi taa ya nyuma amevuta waya mwekundu, amefunga swichi ya kengele ya mlango karibu na kidole gumba cha kulia. Vijana wa kijiwe wamejipanga ukutani. Na Reme, kwenye kiti chake, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni, ndiye anayeamuru.

"Acha mafuta! Shusha mabega! Unatoka Vudee, petroli imekwisha!"

"Trafiki yupo?"

"Hayupo! Vuta klachi. Polepole, mpumbavu wewe. Sasa taa!"

Kanaeli ameelea mteremko wote, taa ya nyuma inawaka nyekundu, miguu juu, hakutikisika. Vijana wanashangilia. Reme anapiga makofi juu ya paja la mguu aliobaki nao.

"Mjomba!" anaita kuelekea dirishani. "Umeona? Hakuanguka!"

Nimeona. Nimeona pia kwamba ule waya haukufunikwa pale unapoingia kwenye taa. Maji ya chumvi ya Toronto yataula kwa wiki moja, na siku atakayobonyeza swichi haitawaka. Lazima ufungwe upya, upitishwe ndani ya mpira, uzibwe kwa nta.

Naweka kalamu chini. Sijui bisibisi yangu niliiacha wapi.